Majaketi ya Bwana Khatibu

Bi Time amefariki Tanga, Jumatatu iliyopita. Mjukuu wake alinipigia simu kunieleza kwamba amezikwa siku ile ile baada ya alasiri, na kwamba katika siku zake za mwisho alikuwa akinitaja. Nikamuuliza alikuwa akisemaje. Akasema alikuwa akiuliza tu kama Mize yu hai. Nilimpa yule kijana maneno ya kawaida ya kupoza, nikaweka simu, nikakaa jikoni mpaka chai yangu ikafanya utando juu. Watu wa nyumbani walidhani nalia kwa kufiwa na rafiki, na ni kweli nilikuwa nimefiwa. Lakini kilichonikalisha pale ni mwaka mmoja, mwaka 1961, ambao sijapata kumhadithia mtu, hata marehemu mume wangu niliyeishi naye miaka arubaini. Nauandika sasa. Waliokuwa na haki ya kuusikia kutoka kinywani mwangu wameshaondoka wote wawili, na hilo nalo ni kosa langu, kwani nilikuwa na muda mwingi sana.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimeshaolewa na kuachwa, nakaa Gombani, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, najipatia riziki kwa kushona kofia za viua, zile zenye vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi. Asubuhi moja mwishoni mwa kaskazi alikuja mwanamke mrefu aliyejifunga buibui kiunoni, mkononi ana kofia niliyoishona mimi mwaka uliotangulia. Akanionyesha vitobo vyake. "Alioishona hini ni weye?" Nikamjibu ni mimi. Akasema, "Mume wangu anakutaka. Usishtuke, anautaka mkono wako tu." Ndivyo nilivyojuana na Bi Time. Mumewe, Bwana Khatibu, alikuwa fundi wa ngozi. Alishona viatu na makubadhi, akatengeneza matandiko ya baiskeli, na timu zote za mpira za pale zilimpelekea mipira yao iliyofumuka. Ila kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimevimba kwa ugonjwa wa viungo, hakiwezi tena kushika sindano nyembamba, naye alikuwa na kazi moja ambayo hakutaka kuiacha ife.

Kazi hiyo ilikuwa chumba cha uani. Nimekiona chumba kile katika ndoto mara nyingi kuliko nyumba niliyozaliwa. Kilikuwa na dirisha moja dogo upande wa kaskazini, lisiloingiza jua hata siku moja, sakafu ya saruji iliyopigwa ufagio mara mbili kwa siku, na sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali ili unyevu usilifikie. Ukutani, juu ya vitundikio vipana vya mbao vilivyozungushiwa matambara, yalining'inia majaketi mawili ya ngozi ya kondoo, manyoya yake ndani, makubwa kiasi kwamba mwanzo nilidhani ni watu waliogeuzia nyuso zao ukutani. Ndani ya sanduku mlikuwa na kofia ya ngozi yenye masikio, miwani mikubwa, glavu zinazofika kwenye kiwiko, na buti. Vilikuwa vitu vya marubani wa vita. Wakati wa vita vikubwa Bwana Khatibu alichukuliwa kazi bara, kwenye kiwanja cha ndege, akawekwa kwenye ghala la mavazi ya kurukia. Miaka minne kazi yake ilikuwa kupokea ngozi zilizolowa jasho na kuzirudisha zikiwa zinavalika. Vita vilipokwisha alirudi Pemba na lile sanduku.

Alinifundisha kama anavyofundishwa mtu Kurani, herufi kwa herufi. Ngozi haianikwi juani, inakaushwa kivulini taratibu, hata ichukue wiki. Koga, ule ukungu wa unyevu, inafutwa kwanza kwa kitambaa kikavu, nje ya chumba, ili mavumbi yake yasiruke yakaota kwingine, kisha kwa kitambaa kilichochovywa siki na maji na kukamuliwa mpaka kisidondoshe hata tone. Mafuta ya nazi alikataa yasikaribie. "Yanaoza ndani ya ngozi," alisema. "Leo inang'ara, kesho inanuka." Mafuta yake aliyatengeneza mwenyewe, kwa kuchemsha kwato za ng'ombe uani kutwa nzima na kukomba yale yanayoelea, akayachanganya na nta ya nyuki. Mifukoni mwa majaketi tulitia vifuko vya karafuu kuzuia nondo. Na kushona ndiko kulikonihusu mimi. Uzi ulipooza nilipaswa kuufumua na kupitisha mwengine katika matobo yale yale ya zamani, bila kutoboa hata moja jipya, kwani kila tobo la ziada ni mahali pa kuchanikia. Nilikaa karibu na mlango ulioachwa wazi, Bi Time akiwa uani mbele yangu, na saa zikapita nisizione.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikukipenda tangu siku ya kwanza. Kilikuwa kifuniko cha kuvaa usoni, cha mpira na ngozi, cha kuziba pua na mdomo, na chini yake bomba refu la mpira lenye makunjo makunjo. Bwana Khatibu alikipaka poda ili mpira usigandane. Alinieleza kwamba juu sana angani pumzi haitoshi, basi rubani huvuta hewa iliyotiwa kwenye chupa ya chuma, kupitia pale. Nilielewa. Lakini kila nilipokishika kimepakwa poda, cheupe, laini, nilihisi nimeshika uso wa maiti. Kwa kujitoa hofu nikalipa lile bomba jina. Nikaliita mkonga. "Ami, mkonga nshaupaka poda," nikamwambia Bwana Khatibu. Wao wakacheka, na baada ya wiki nao wakawa wanasema mkonga. Nje ya watu watatu sisi, hakuna aliyejua neno hilo.

Adhuhuri tulikula. Bwana Khatibu alipelekewa sahani yake chumbani, mimi na Bi Time tulikula uani, muhogo wa nazi na papa, au wali na mchuzi wa pweza siku mkono ukiwa na kitu. Ukuta wa ua ulikuwa mfupi, na nyuma yake ndipo wanaume walipokaa kuzungumza, basi chakula chetu tulikila pamoja na maneno yao. Mwanzoni yalikuwa maneno ya mpira na bei ya karafuu. Kisha yakawa ya siasa tupu. Wanaokumbuka mwaka ule hawahitaji kuelezwa. Ilifika mtu akaenda dukani akaambiwa chumvi hakuna, naye anaiona, kwa kuwa si wa chama cha mwenye duka. Ilifika mtu akafa na upande wa pili wa njia wasiende kumzika. Siku za uchaguzi, zilipokuja habari za vurugu na mauaji kutoka Unguja, sauti nyuma ya ukuta zilipungua zikawa minong'ono, na minong'ono ile ilinitisha kuliko makelele. Siku moja tulisikia mtu anauliza, "Na huyu Khatibu yuko wapi?" Mwengine akajibu, "Hayuko huku wala hayuko kule. Mtu namna hiyo ana lake." Bi Time alikuwa ameshika tonge. Alilirudisha sahanini polepole, akaninyamazisha kwa jicho, ingawa sikuwa nimesema kitu.

Ilikuwa kweli kwamba hakuwa huku wala kule. Alishona mipira ya timu zote. Na katika siku hizo hizo alipata mteja wa ajabu, rubani Mzungu wa kindege kidogo kilichokuwa kikitua Chake Chake, aliyesikia habari zake akamletea jaketi lake lililochanika kwapani. Alikuja mchana kweupe, kwa miguu, na mkoba mweusi, akakaa nusu saa, akaondoka na mkoba wake. Alikuja mara tatu. Kila alipotoka, nyuma ya ukuta palikuwa kimya.

Ilikuwa baada ya ziara ya kwanza ndipo nilipomuuliza Bwana Khatibu juu ya doa. Jaketi moja kati ya yale mawili lilikuwa na doa jeusi kubwa kwenye kola, limeshuka mpaka kifuani, na kila tulipolipaka mafuta nilimwona akipapasa pale kwa vidole badala ya kitambaa. Akasema ni damu ya mwenyewe, kijana asiyefika miaka ishirini na miwili, aliyeweza kukishusha kindege chake uwanjani salama na kufia kitini. Bwana Khatibu alipewa jaketi alisafishe ili avae mwengine. Alilisafisha siku tatu. Doa likakataa, akaambiwa alichome. "Sikuweza," alisema. "Alikuwa kila asubuhi akinipa salamu kwa jina langu. Wengine walikuwa wananiita we." Kisha akaniomba nimpe kopo la nta, na hatukulizungumza tena.

Msimu wa karafuu ulipoingia, nilikwenda kama wanawake wengine kuchambua, kutoa karafuu kwenye vikonyo vyake. Tulikuwa tumekaa mkekani baada ya alasiri, wanawake kumi au zaidi, mikono inakwenda na midomo inakwenda. Mimi nilikuwa mwanamke aliyeachwa, na kwenye mikeka ile aliyeachwa husikiliza, hazungumzi. Mmoja akaniuliza nafanya nini kutwa nyumbani kwa Bwana Khatibu. Nikaanza kueleza, na kwa mara ya kwanza nikaona nyuso zote zimenigeukia. Utamu ule nausikia hata leo. Nikaeleza kwato zinavyochemshwa. Nikaeleza yale majaketi, na doa la damu. Nikaeleza kile kifuniko cheupe, nikaziba pua na mdomo kwa kiganja changu na kuning'iniza mkono wa pili chini yake, nikasema, "Ukikivaa huna uso, una mkonga kama wa ndovu, na mkonga huo kazi yake ni kuvuta." Bi Hadia, jirani yao wa mlango wa pili, aliyekuwa amempakata binti yake mdogo Chumu, akauliza, "Kuvuta nini?" Nikasema, "Pumzi." Akasema, "Pumzi au damu?" Wote wakacheka. Nami nikacheka, na sikusema la. Nilikuwa naweza kusema la, palikuwa na nafasi ya kutosha. Niliona nikisema la, hadithi itakwisha.

Wakati ule watu wazima na akili zao waliamini mumiani, watu wanaosemekana kukamata wenzao na kuwatoa damu ya kutengenezea dawa. Nilijua hivyo. Sitaki kujisingizia ujinga.

Baada ya mwezi hivi Chumu aliugua. Ilikuwa homa, na kabla ya homa mtoto alikuwa na safura, macho meupe, midomo imepauka. Bi Time alimpelekea uji wa mtama siku mbili, siku ya tatu mlango haukufunguliwa. Akarudi nao, akaumimina uani kwa kuku. Chumu akafa siku ya Jumapili. Bi Time alikwenda msibani na kanga yake ya kujifunika, akarudi kabla sijamaliza mshono mmoja. "Wamenambia pamejaa," alisema. Nikamuuliza, pamejaa vipi? Akasema, "Nliona mkeka mtupu, Mize." Toka siku ile salamu zake hazikujibiwa kisimani. Wanawake waliondoa ndoo zao alipofika, wakangoja mpaka aondoke ndipo wateke. Vitumbua alivyokuwa akiuza mlangoni vililala. Timu ya kwanza ikaja kuchukua mpira wake haujashonwa, kisha ya pili. Bwana Khatibu alidhani ni siasa. Akasema itapita, akanipa kola ya jaketi la yule Mzungu nianze kuitia uzi mpya. Mimi nilijua siyo siasa peke yake, nikaishona kola ile, na kila jioni nilijiambia kesho nitasema.

Walikuja Ijumaa, baada ya sala. Tulisikia miguu kwanza, mingi, haikimbii. Bwana Khatibu alikuwa ametoka msikitini mapema, yuko chumbani na kanzu yake. Akatoka kwenda mlango wa mbele, Bi Time nyuma yake, nami nikabaki ukumbini, nyuma ya mlango, nawaona kupitia ufa wa bawaba. Walikuwa wanaume thelathini au arubaini, wengine niliwajua kwa sauti zao za nyuma ya ukuta, na mbele yao Shehe Omari, mtu mpole, ambaye nadhani alikuja ili pasitokee la kutokea. Bi Hadia alisimama pembeni, amejifunga kaniki. Shehe akasema, "Khatibu, watu wana maneno. Wanataka kuona vitu ulivyonavyo ndani, roho zao zitulie." Bwana Khatibu akajibu, "Vitu gani, Shehe?" Na kabla Shehe hajafungua mdomo, kijana mmoja akapiga ukelele, "Toa mkonga!" Wengine wakapokea. "Toa mkonga! Toa mkonga!"

Nilimwona Bi Time akigeuka. Hakugeukia watu. Aligeukia mlango niliojificha nyuma yake, akautazama ule ufa kama vile ananiona mzima mzima, kisha akarudisha uso wake mbele.

Bwana Khatibu alifanya jambo ambalo mtu mkweli hulifanya. Aliingia ndani, akanipita bila kunitazama, akarudi na lile sanduku, na majaketi begani. Akaanza kueleza kwa utulivu, kama alivyonieleza mimi, kwamba juu angani pumzi haitoshi. Wakawa hawamsikii. Basi ili waone, akakivaa. Akakifunga kile kifuniko cheupe usoni pake, bomba likaning'inia kifuani, akainua mikono miwili kuonyesha kwamba hakuna madhara. Bi Hadia alipiga yowe ambalo sijalisikia tena maishani. Jiwe la kwanza lilimpata begani. Bi Time akamrukia, akamvua kile kitu kwa mikono yake na kukitupa chini, akasimama mbele yake, na jiwe la pili likampata yeye kwenye nyusi. Shehe Omari akapaza sauti, "Basi! Basi! Yuko mwanamke anafanya kazi humu. Mize! Mize yumo? Atoke aseme alichokiona!"

Nikatoka mpaka kizingitini. Jua lilikuwa kali sana. Damu ilikuwa imeshafika kwenye kidevu cha Bi Time. Shehe akaniuliza kwa upole, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango wa kutokea, "Mwanangu, wanasema kwenye jaketi kuna damu. Kweli au uongo?" Nilikuwa na maneno yote. Ni ya kijana aliyekufa vitani, ni ya miaka mingi, yule mtoto amekufa kwa homa, na huo mkonga ni mzaha wangu mimi. Nilitazama yale mawe mikononi mwao. Nikasema, "Doa lipo." Sikusema zaidi, na Shehe akainamisha kichwa.

Waliyachoma pale pale mbele ya nyumba. Ngozi haiwaki kama kuni. Ilijikunja, ikajikusanya, mikono ya majaketi ikapanda juu polepole, na moshi wake mzito uliokaa kwenye nguo zetu siku nyingi ulikuwa na harufu ya karafuu, kwa vile vifuko vilivyokuwa mifukoni. Jaketi la yule rubani Mzungu nalo lilichomwa, na kola yangu mpya. Hawakumgusa tena Bwana Khatibu. Alikaa kizingitini na kanzu yake iliyochanika bega, akatazama mpaka mwisho. Bi Hadia alikuwa wa mwisho kuondoka. Nilidhani moto ungempa kitu, nikamtazama usoni, lakini uso wake ulikuwa vile vile alivyokuja.

Baada ya siku nane waliuza nyumba na kuhamia Tanga. Nilikwenda bandarini Mkoani kuwaaga, sijui kwa ujasiri gani. Meli ilikuwa imetia nanga mbali, na abiria walikuwa wakingoja mashua za kuwapeleka. Bi Time, kitambaa cheupe juu ya jicho, alinipa mkono, akaniuliza kama nimekula, akafungua kikapu akanikatia kipande cha mkate wa kumimina. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nikabaki na mkate mkononi, siwezi kuula wala kuuweka. Akasogea kando kuangalia mizigo, na nikajua anatuachia nafasi.

Bwana Khatibu alikuwa amekaa juu ya mzigo wa magodoro. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kama kawaida. Akaniuliza hali ya mikono yangu, kwani uzi wa nta hukata vidole. Nikamwambia imepona. Kisha akanitazama, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta jambo dogo lililompotea.

"Mize, nilikwambia doa lile la nani?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Nadhani alikuwa ananipa njia hiyo. "Ulinambia, Ami," nikasema.

Akatikisa kichwa mara mbili, polepole. "Nilidhani nilisahau kukwambia," alisema. Mashua ikaita, akainuka, akachukua mzigo wake kwa mkono wa kushoto kwa sababu ya kile kidole, akamfuata mkewe majini.